Baba Alikuwa Tayari Anaimba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na za Mama pia, ambaye amekaa upande wa pili wa meza hii akimenya machungwa na kujifanya haoni ninachoandika. Sisi wazima. Mguu wake wa kushoto bado unamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo haumsumbui hata kidogo. Jana kamgombeza fundi bomba mpaka mtu wa watu kaondoka kasahau spana yake juu ya sinki. Nyinyi je, hamjambo huko? Wifi anaendeleaje? Na yule mdogo aliyejivunja jino kwa kuuma msumari karakanani kwako, jino jipya limeshaota? Mwambie shangazi yake anasema misumari ni ya mbao.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kaka, simu yako ina maajabu. Nikizungumza habari za watoto, za mvua, za kabati unalomtengenezea mwalimu mkuu, sauti inakuja safi kabisa. Nikitaja gari tu, au barabara, au kuja nyumbani, mtandao unakatika pale pale. Barua huwezi kuikatia. Unaweza kuichana, lakini tangu utoto wewe si mtu wa kuchana kitu kabla hujajua ndani kuna nini. Kwa hiyo weka randa chini, kaa kwenye lile benchi lako, unisome mpaka mwisho. Nina jambo, na ni lako.

Nianze na kujisifu, maana nisipojisifu mwenyewe atanisifu nani? Filamu tumeimaliza. Ile niliyokwambia ni ya mapenzi, si ya mapenzi. Nilikudanganya, na ningekwambia ukweli ungeniuliza kwa nini nisitafute kazi nyingine. Ni filamu ya roho mkononi. Marafiki wanne wanasafiri kwa gari kwenda kupumzika, wanacheka, wanagombania dirisha, kisha gari linaacha njia na mmoja wao anafariki. Aliyekuwa anaendesha anawashawishi wenzake wasimwambie mtu kwamba alikuwa anachezea simu. Kuanzia hapo hakuna anayelala. Mlango ukigongwa wanatazamana. Chombo kikianguka jikoni wanaruka. Mpaka mwisho wanageukana wenyewe kwa wenyewe, na mtazamaji hapumui.

Na kinachomfanya asipumue ni mimi. Usicheke. Mdogo wako ndiye mkuu wa sauti, jina langu litapita kwenye skrini peke yake, si kwenye lile kundi la mwisho ambalo watu husoma wakiwa wanatafuta viatu. Kila mlango unaolia humo ndani, mlio wake nimeutoa mimi. Kila hatua ya kiatu kwenye changarawe ni kiatu changu, nimekanyaga ndani ya sanduku la mchanga chumbani bila kupumua. Ukiziondoa sauti zangu, unabaki na watu wanne wazuri wanaotoka jasho. Mwongozaji wetu, ambaye tunamwita Kamanda kwa jinsi anavyoamrisha hata chai, alisema mbele ya wote kwamba hajawahi kufanya kazi na masikio kama haya. Nilivimba kichwa siku nzima, sikuficha.

Sasa tuingie kwenye lenyewe.

Ile ajali tuliipiga mchana, kwenye kipande cha barabara kilichofungwa kwa ajili yetu. Kuna dereva maalumu wa michezo ya hatari, tunamwita Breki, mtu mwembamba asiyecheka, anayekagua gari kwa mikono kabla ya kulikagua kwa macho. Kamanda alikuwa hajaamua bado ajali yake itokeeje, kwa hiyo akataka tuipige mara mbili. Mara ya kwanza dereva akanyage breki kwa nguvu, ndipo tairi lipasuke. Mara ya pili tairi lipasuke lenyewe, halafu ndiyo breki. Mimi nilitega maiki kiti cha nyuma, nikakaa kando ya barabara na hedifoni zangu, na kwa kuwa jua lilikuwa kali nikajifunika koti kichwani. Unajua tabia yangu hiyo, na unajua niliipata wapi.

Mara ya kwanza ilikuja vizuri. Breki zikalia ndefu, mlio ukapanda, kisha pu! la tairi, kisha chuma kikikwaruza lami. Nikasema safi. Wakabadilisha tairi, wakarudi mwanzo wa barabara, wakaja tena. Mara hii likaanza pu! Halafu ule mpira uliochanika ukawa unapiga chini ya gari, pap-pap-pap-pap. Halafu ndiyo breki zikalia, fupi, kama mtu aliyeshtuliwa.

Kaka, nilijikuta nimekaa chini kwenye vumbi. Breki alikuja mbio akidhani jua limenipiga. Nilimwambia niko sawa, nikaomba maji, nikayamwaga nusu kwenye viatu. Sikuwa sawa. Ile sauti naijua. Niliisikia nikiwa na miaka tisa, nimefunikwa koti la Baba kichwani, kiti cha nyuma, wewe ukiwa kwenye usukani.

Nikajiambia ni kazi tu, kazi inachosha. Tukaingia kwenye kile chumba cha kuhariria ambacho hakina dirisha, mimi, Kamanda na mhariri wetu, kijana mpole anayetafuna karanga toka asubuhi mpaka jioni. Kamanda akachagua ile ajali ya kwanza. Alisema dereva wake lazima awe na kosa. Kama tairi lilipasuka lenyewe basi hana kosa, na kama hana kosa hakuna filamu, twende nyumbani. Ni kweli kabisa. Nikapanga sauti zangu, nikawachezea. Kamanda akasimamisha akaniuliza kwa nini nimetanguliza mpasuko. Nikaomba radhi, nikarekebisha. Nilipowachezea tena, mpasuko ulikuwa mbele tena. Mhariri akacheka, akasema mikono yangu ina akili zake. Nikarekebisha nikiwa nimeona haya, maana hilo ni kosa la mwanafunzi. Kesho yake tukakaa kuitazama sehemu yote kwa pamoja, na haki ya Mungu sijui niliingia saa ngapi nikaihamisha, lakini ilikuwa pale pale: pu, pap-pap-pap, breki.

Kamanda akanigeukia, safari hii hacheki. Akataka kujua nina nini. Nikajisikia nikijibu kwa sauti kubwa kwamba nimeweka hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Akaniuliza ilivyokuwa nini. Karanga zikaacha kutafunwa. Nikatoka nje nikasimama kwenye korido karibu na mashine ya kuchemshia maji, na pale ndipo nilipoyafikiria mambo ambayo familia yetu imekatazana kuyafikiria.

Unaukumbuka ule mchezo? Baba alikuwa akinifunika koti lake kila tukisafiri, kwa sababu nikitazama nje natapika. Kisha ananiuliza, Masikio, tumefika wapi? Na mimi nasikiliza. Daraja lilikuwa na mwangwi chini. Kiwanda cha mbao kilikuwa na msumeno. Nikipatia, anagonga bodi ya gari mara moja kama muuza duka aliyekubali bei. Siku ile tunakupeleka chuoni, wewe una leseni mpya, Baba kakuachia usukani kama zawadi, ulikuwa umekaa wima mpaka nikakucheka. Daraja tulikuwa tumelipita. Nilikuwa nasubiri kelele za mashine ya kusaga kokoto, nimetega sikio hasa, kwa sababu nilitaka nipatie. Katika watu watatu waliokuwa kwenye lile gari, mimi peke yangu sikuwa na kazi nyingine ila kusikiliza.

Na nilichosikia ni hiki. Nilisikia Baba akikwambia uweke kaseti. Nikasikia ukihangaika nayo. Nikasikia ikiingia, klak, halafu ule mvumo wa kanda kabla ya wimbo, halafu ngoma, halafu muziki. Baba akaanza kuimba. Wewe ukacheka, ukamwambia Mzee, unaimba wimbo mwingine kabisa na huo wa kwenye kaseti. Akaongeza sauti makusudi. Ndipo pu! Na ule mpira ukaanza kupiga chini ya miguu yangu. Na baada ya hapo ndiyo breki.

Wewe umekuwa ukisema mengine miaka yote hii. Ulisema umeinama kutafuta tundu la kaseti, ukainua macho gari limeshaacha barabara, ukakanyaga breki na tairi likapasuka. Ulimwambia Mjomba, ukamwambia polisi, ukawaambia watu waliojaa sebuleni kwetu, umesimama mlangoni na mkono umefungwa, ukasema ni mimi. Hakuna aliyekuuliza mara ya pili. Nani angembishia mtu anayejishtaki mwenyewe?

Lakini jioni ile ile, Mama alipolia kwamba mume wake amekufa akiwa na hofu, ulipiga magoti mbele yake ukamwambia hapana, hakuogopa, hakujua chochote, Baba alikuwa anaimba na ile kaseti. Nilikuwa nimekaa mapajani kwa shangazi, nilikusikia. Mama ameishi kwa maneno hayo. Kila mgeni anaambiwa, mume wangu aliondoka akiimba.

Sasa nisikilize. Kama Baba alikuwa anaimba na kaseti, basi kaseti ilikuwa imeshaingia. Kama ilikuwa imeshaingia, wewe ulikuwa hujainama. Ulikuwa umekaa wima, unatazama mbele, unacheka. Hayo mambo mawili uliyasema siku moja, nyumba moja, kwa mdomo mmoja, na hayawezi kuwa kweli yote mawili. Sote tuliyasikia, na hakuna hata mmoja wetu aliyeyaweka pamoja. Jamani, tulikuwa wapi?

Nimejiuliza ulilitoa wapi lile la kuinama. Nadhani najua. Mjomba alisimama kando ya kitanda chako hospitalini, hujapata hata fahamu vizuri, akakuuliza ulikuwa unatazama wapi. Mtu akiulizwa hivyo atajibu nini? Ulipekua kichwani, ukapata kumbukumbu ya kuinama, kweli uliinama, ila dakika moja kabla ya ajali, na ukaishika hiyo mpaka leo.

Nilirudi kwenye kile chumba nikamweleza Kamanda kila kitu, sina simile. Akamwita Breki, akamuuliza kwa ajili yangu. Breki alisema tairi la mbele likipasuka kwenye mwendo linalivuta gari upande wake kabla dereva hajajua kuna nini, na kijana mwenye leseni mpya angekanyaga breki, na wengi wenye leseni kuukuu wangekanyaga pia. Halafu akaniuliza gari letu lilikwenda upande gani. Nikamwambia kushoto. Akaitikia kwa kichwa tu, akaenda zake kunywa chai. Na filamu nikaipanga kama Kamanda alivyotaka, breki kwanza, mikono yangu ikanitii. Wale wa kwenye filamu wana hatia, kaka. Wewe huna.

Naomba usimgombeze wifi, lakini aliniambia ya ile homa ya mtoto. Alisema jirani alikupa funguo za gari mkononi, mtoto anatetemeka mgongoni kwa mama yake, na wewe ukasimama kando ya mlango wa gari, umefungua, umeshindwa kuingia, mpaka wifi akakimbia na mtoto kwa miguu hadi kituo cha afya. Alisema hukulia, ulirudi karakanani ukapiga randa ubao mmoja mpaka ukaisha. Nililia mimi kwa niaba yako. Halafu nikakasirika. Hasira hizo ndizo zinazoandika hapa.

Basi nilimwendea Mama nikiwa nimebeba habari hizi kama mtu aliyebeba keki. Nilimkuta anapiga pasi. Nikamweleza yote, ya kaseti, ya mpasuko, ya Breki, nikasubiri aruke kwa furaha. Hakuruka. Alisimamisha pasi, akachomoa waya, akakaa kwenye kitanda juu ya nguo zilizokwisha kunyooshwa, na wewe unamjua Mama na nguo zilizonyooshwa. Akasema, tairi la mbele, la kushoto. Hakuwa ananiuliza.

Kaka, sasa ninaandika anayotaka niandike. Ameacha kumenya machungwa na ananitazama sawasawa.

Asubuhi ya safari Baba alimwita uani akamwonyesha lile tairi. Lilikuwa limetoa uvimbe ubavuni, mkubwa wa kujaa kiganja. Mama alimwambia msiende, au mpitie kwanza kwa fundi. Baba alisema tumeshachelewa, ofisi za chuo zitafungwa, litafika tu, atalibadilisha huko huko. Na akamwomba asikwambie wewe, kwa sababu ilikuwa safari yako ya kwanza ndefu na hakutaka uendeshe na hofu. Mama akanyamaza. Akasimama langoni akatupungia mkono, na macho yake, anasema, yalikuwa kwenye lile tairi.

Ulipokuja na mkono umefungwa ukasema ni mimi, alijua si wewe. Alifungua mdomo, anasema, na pale pale rafiki yake Baba mmoja akasimama akasema marehemu alikuwa mtu mwangalifu kuliko wote, na watu wakaitikia. Akaufunga. Alijiambia atakwambia baada ya mazishi. Baada ya mazishi akajiambia atakwambia ukipona mkono. Kisha ukahama, ukawa huji, na kila ulipokuwa huji ikawa vigumu zaidi. Alilinda jina la mumewe kwa gharama ya mwanawe. Hayo ni maneno yake, mimi nisingeyapata.

Nilimfokea. Sitakuficha, nilimfokea Mama yangu mzazi kwa maneno ambayo sitayaandika, nikatoka nikabamiza mlango, nikatembea mpaka sokoni na kurudi bila kununua kitu. Niliporudi nilimkuta kashika pasi tena, anazirudia zile nguo alizozikalia, moja moja. Nikachukua upande wa pili wa shuka nikamsaidia kukunja. Sijamsamehe yote, ila shuka haikunjwi na mtu mmoja.

Nilitaka nikuandikie uje tu, nawe ungeyasikia ukifika. Mama ndiye aliyekataa. Alisema akija, aje akijua. Na asipotaka kuja baada ya kujua, nisimlaumu. Anasema hakuombi msamaha kwa karatasi. Ataomba kwa mdomo, kama utampa nafasi ya kukuona uso. Baba naye simtetei wala simshtaki. Alikupenda, akachelewa, akakosea, akaimba. Yote hayo ni Baba.

Filamu inaonyeshwa kwa mara ya kwanza Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na nina viti vyenu. Lakini si hilo ninaloliomba. Ijumaa, siku moja kabla, nakuja kukuchukua, mimi na Mama, na gari langu. Breki mwenyewe amelikagua kwa mikono yake, matairi yote manne ni mapya na la akiba pia, nimeyapapasa moja moja mpaka watu wa gereji wakadhani nimechanganyikiwa. Tutasimama mbele ya karakana yako. Nitashuka kwenye kiti cha dereva, nitaacha mlango wazi, nitaacha funguo mahali pake, na nitakwenda zangu kusalimia watoto. Sitakushika mkono, sitakuhubiria.

Ukiingia pale, vizuri. Mama atakuwa kiti cha mbele, pembeni yako, na mna mengi ya kuongea, na mimi nitajifunika koti nyuma nisisikie, ingawa wote tunajua nitasikia. Na kama siku hiyo miguu bado itakataa, usijali hata kidogo, nitaendesha mimi, mimi ni dereva mzuri kuliko nyote. Wewe utakaa nyuma, utajifunika koti, na mimi nitakuuliza tumefika wapi.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto, na huyo wa jino mwambie atuwekee nafasi ya kusimamisha gari. Mama anakusalimu. Kaniambia niandike hivyo tu, kisha kaniambia nifute niandike kwamba anakungoja. Nimeacha yote mawili.

Mdogo wako akupendaye,

Masikio